Baiskeli kwenye barabara ya matrela: kaa pale unapoonekana

Habari zenu watazamaji, karibuni. Nipo kando ya barabara kuu ya Malaba kwenda Tororo. Nyuma yangu mnaona matrela yakitoka mpakani mwa Kenya na Uganda na mizigo ya Mombasa, mengine yanaishia Kampala, mengine yanaendelea hadi Kigali na Juba. Na katikati ya matrela hayo mnamwona mama mwenye jerikeni mbili za maji kwenye keria, kijana na gunia la mkaa, mwanafunzi mwenye sare. Video hii nimewatengenezea hao. Kampala kuna kipande cha Namirembe Road na Luwum Street kilichotengwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Sisi wengine tunatumia lami moja na magari, kwa hiyo tujifunze kuitumia vizuri.

Tuanze na baiskeli yenyewe, haraka haraka. Shika breki zote mbili, isukume mbele. Gurudumu likizunguka, usipande, kaza breki kwanza. Baiskeli nyingi za huku ni zile nzito za gia moja, zina breki za rodi na rimu za chuma. Rimu ya chuma ikilowa, breki inateleza tu. Mvua ikikukuta njiani, gusa breki kidogo kidogo mapema ili zipanguse maji, na uanze kusimama mbali kuliko siku ya jua. Angalia upepo kwenye matairi, angalia cheni. Mzigo ufunge kwa mpira pande zote mbili kwa uzito sawa, na usitokeze nje kuliko usukani. Kofia ngumu ukiipata, ivae na ufunge mkanda wake. Redio ya mziki na vipokea sauti vya masikioni viache nyumbani, maana trela utalisikia kabla ya kuliona.

Sasa hatua yenyewe, na hapa nitakaa zaidi. Unakaa wapi barabarani?

Wengi tulifundishwa na wazee wetu tubane pembeni kabisa. Walitutakia mema, lakini tazama hapa chini, nasogeza kamera. Ukingo wa lami umeliwa na mvua. Kuna mchanga, kuna vioo, kuna shimo hili. Ukiendesha juu ya ukingo huu, kila hatua tano unakwepa kitu, na kila ukikwepa unaingia ghafla mbele ya gari. Dereva aliye nyuma hakutegemea. Halafu kuna jambo la pili: ukibana sana, dereva anaona nafasi inatosha kupita bila kupunguza mwendo, hata kama gari lingine linakuja upande wa pili. Anapita karibu na kiwiko chako, na wewe huna pa kukimbilia isipokuwa mtaroni.

Kwa hiyo fanya hivi. Bega la barabara, ile sehemu ya pembeni nje ya njia ya magari, likiwa na lami nzima na pana, tumia bega, hilo halina mjadala. Bega likiwa bovu, ingia kwenye lami, kaa karibu mita moja kutoka ukingoni, uende mstari mmoja ulionyooka. Usiingie begani mita kumi kisha ukatoka tena. Dereva akikuona mahali pamoja, anajua la kufanya. Na ukifika penye wembamba, kwenye daraja dogo au palipo na matengenezo, usimwachie mtu nafasi ya kujipenyeza. Geuka utazame nyuma, nyoosha mkono wa kulia, sogea katikati ya njia yako, pita, kisha rudi kushoto mara moja. Dereva atasubiri sekunde chache. Atakasirika? Wengine watakasirika. Lakini amekuona, na hilo ndilo tunalotaka.

Kugeuka na kutazama nyuma kunahitaji mazoezi. Watu wengi wakigeuza kichwa, usukani unafuata kichwa. Nenda uwanja wa shule siku ya Jumapili, chora mstari kwenye udongo, uufuate huku ukitazama nyuma juu ya bega la kulia. Rudia mpaka baiskeli isitoke kwenye mstari. Hesabu ni hii: gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda kama mita 22 kila sekunde. Wewe unaenda kilomita 15 kwa saa. Gari likiwa mita 100 nyuma yako, litakufikia kwa sekunde tano au sita. Ukitazama mara moja tu na kuanza kuvuka polepole, sekunde hizo zimekwisha. Tazama, nyoosha mkono, tazama tena, ndipo usogee.

Na trela? Trela lina mambo mawili. Upepo wake kwanza unakusukuma nje, kisha likishapita unakuvuta ndani. Ukilisikia linakuja, shika usukani kwa mikono miwili, legeza viwiko, usikaze mabega, endelea kukanyaga. La pili ni kona. Trela likikata kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata ndani zaidi, karibu na ukingo. Mtu aliyesimama kushoto kwake pale njia panda anajiona yuko salama kwa sababu kichwa cha trela kimeshapita. Hayuko salama hata kidogo. Kwa hiyo kwenye jamu, kwenye makutano, au kwenye foleni ya mpakani, usipite kamwe kati ya trela na ukingo wa kushoto. Subiri nyuma yake. Dereva kule juu haoni kitu kilicho karibu na mlango wake wa kushoto. Kama huoni uso wake kwenye kioo cha pembeni, yeye pia hakuoni.

Tukiingia mjini, Tororo, Jinja au Kampala, hatari inabadilika. Hapa adui ni teksi, yaani matatu, inayosimama popote. Jifunze kuisoma. Konda ametoa mkono dirishani, abiria ameinuka kwenye kiti, taa za breki zimewaka: itakata kushoto sasa hivi. Usijipenyeze kushoto kwake, maana mlango wa abiria unafunguka upande huo na watu wanashuka bila kutazama. Simama nyuma, au tazama nyuma kisha uipite kwa kulia ukiacha nafasi. Gari lililoegeshwa pia liachie zaidi ya mita moja. Dereva anakaa kulia, mlango wake unafunguka kwenye njia yako.

Kwenye raundabauti, aliye ndani tayari, anayetokea kulia kwako, ndiye mwenye haki ya kupita. Ukiingia, usizunguke ukingoni ukipita kila njia ya kutokea, maana magari yatakukata mbele. Kaa katikati ya njia yako, na ukikaribia kutoka nyoosha mkono wa kushoto. Kama magari ni mengi na huna uhakika, shuka, sukuma baiskeli, vuka kwa miguu pamoja na watu wengine. Hakuna aibu yoyote katika hilo, hasa ukiwa na mtoto kwenye keria.

Kukata kulia kwenye barabara kuu, mimi nashauri njia ya polepole. Simama kushoto, toka kabisa kwenye lami, subiri pande zote mbili ziwe tupu, kisha uvuke moja kwa moja. Kungoja katikati ya barabara huku malori yanapita mbele na nyuma yako ni kujitafutia kifo.

Sasa kitu kinachonisumbua kuliko vyote. Mmeona lile basi? Linalipita lori, limeingia upande wetu, na linatuwashia taa. Maana yake anakuambia utoke. Haki ni yako, lakini toka. Ndiyo maana kila unapoendesha, jicho moja liwe linatafuta mahali pa kutokea: njia ya nyumbani kwa mtu, nyasi zisizo na mtaro. Ukishuka kwenye ukingo wa lami, punguza mwendo kwanza. Na kurudi juu, usijaribu kupanda ukiwa sambamba na ukingo. Tairi litasugua kwenye ukuta ule mdogo wa lami, baiskeli italala, nawe utaanguka ndani ya barabara. Simama, inua gurudumu la mbele, tazama nyuma, anza upya.

Saa pia zina maana. Barabara hii jioni, madereva wanaokwenda Kampala wanaelekea magharibi, jua liko machoni mwao, na wewe uliye mbele yao umepotea kwenye mwanga. Asubuhi ni kinyume, wanaokwenda Malaba ndio hawaoni. Jua likiwa chini usoni mwako, jua kwamba aliye nyuma yako hakuoni vizuri, kaa begani. Huku kwetu giza linaingia haraka, ikifika saa moja na robo usiku umeshaingia. Rifulekta nyekundu nyuma ni lazima, taa ya betri mbele na nyuma ni bora zaidi. Kama huna fedha ya taa wiki hii, vaa shati jeupe na ufunge kitambaa cheupe kwenye keria.

Madereva mnaotazama, naomba dakika moja. Ukimpita mwendesha baiskeli, mwachie mita moja na nusu, na kama nafasi haipo subiri nyuma. Akibeba mkaa kwenye kilima anayumba, mwachie zaidi. Usipige honi ndefu ukiwa ubavuni mwake, atashtuka aingie kwako. Piga fupi ukiwa mbali. Na ukishaegesha, fungua mlango kwa mkono wa kushoto. Jaribu sasa hivi kama umekaa garini: mkono wa kushoto unaufuata mlango wa kulia, mwili unageuka, na macho yanatazama nyuma yenyewe.

Biashara ya boda ilianza huku kwetu Busia miaka ya 1960, kwa baiskeli, zikibeba watu kati ya mipaka miwili. Ukiwa na kijana anayeanza kazi hiyo, au anayeenda shule kwa baiskeli, mtangulie njia nzima mara ya kwanza, mwonyeshe kila shimo na kila mahali pa kutokea. Kisha mwache atangulie yeye, wewe ufuate nyuma, na umsahihishe mnapofika, si mkiwa njiani.