Kutoka Windows 10 kwenda Linux Mint: Hatua kwa Hatua, Bila Kupoteza Faili

Karibu mtazamaji. Leo tunaihamisha laptopu moja kutoka Windows 10 kwenda Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta unaochukua nafasi ya Windows, mwanzo hadi mwisho. Iliyo mezani ni HP EliteBook 840 G3. Tumeichagua makusudi, kwa sababu ukiingia maduka ya laptopu za mtumba, Kariakoo au katikati ya Nairobi, hukosi kuikuta. Mashine ngumu, kibodi nzuri, lakini prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6, na orodha rasmi ya Windows 11 kwa prosesa za Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8, tena inataka na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku ile na haitazimika kesho. Shida ni kwamba matundu ya usalama yanayogunduliwa sasa hayazibwi tena kama zamani.

Kabla ya flashi, kabla ya kupakua chochote: anza kubadilisha programu, mfumo utafuata. Anayebadilishiwa kila kitu siku moja, yaani menyu, programu ya kuandikia, kivinjari na mahali faili zilipo, hurudi Windows ndani ya wiki, na Linux yenyewe haikuwa na kosa. Kwa hiyo ukiwa bado ndani ya Windows, sakinisha LibreOffice, Firefox na VLC, na GIMP kama unahariri picha. Zote ni bure. Zifanyie kazi zako za kweli kwa wiki 2. Hizohizo utazikuta upande wa pili, na mkono utakuwa umeshazoea.

Katika wiki hizo weka karatasi pembeni, uandike kila programu unayoifungua. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia kama unahama au unabaki. Photoshop, Premiere Pro, AutoCAD, VirtualDJ na Microsoft Office ile ya kusakinisha hazina toleo la Linux. Wine inaweza kuendesha baadhi ya programu za Windows, lakini usiitegemee kwa kazi ambayo mteja anaisubiri. Wacheza Valorant na Fortnite nao wasipoteze bando: ulinzi wa michezo hiyo dhidi ya udanganyifu haukubali Linux. Kama mkate wako unatoka kwenye programu mojawapo ya hizo, weka mifumo miwili kwenye diski moja, nitaonyesha, au iache mashine kama ilivyo. Si kila mtu lazima ahame.

Sasa kuhifadhi. Chomeka diski ya nje, nakili Documents, Pictures, Downloads na Desktop. Hiyo Desktop watu huisahau, na ndiko walikorundika kila kitu. Tazama hapa kwenye folda ya OneDrive: faili hii ina alama ya wingu la buluu. Maana yake haipo kwenye laptopu, ipo mtandaoni tu. Bofya kulia, chagua iwekwe kwenye kifaa, isubiri ishuke, ndipo uinakili. Kisha fungua faili 3 au 4 kutoka kwenye hiyo diski ya nje kuhakikisha zinafunguka kweli. Ukimaliza ichomoe, uiweke mbali na meza. Sababu utaiona mbele.

Mambo mawili ya kuzima ndani ya Windows, hasa kama unataka mifumo miwili. La kwanza ni BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo. Andika BitLocker kwenye sehemu ya kutafutia. Ukikuta imewashwa, izime na usubiri imalize kabisa kufungua diski, hata kama ni saa nzima. Ukiruka hapa, ukigusa tu BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofanya kazi kabla Windows haijawaka, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 ambao hujawahi kuuona. La pili ni kuzima kwa nusu. Windows 10 ukiiambia izime, kwa kawaida hailali sawasawa. Inahifadhi hali yake ili iwake haraka, na Linux ikikuta diski imeachwa hivyo inakataa kuandika humo. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, bonyeza Enter. Haikujibu kitu? Vizuri, imekubali.

Ukitaka mifumo miwili, punguza nafasi ya Windows sasa, ukitumia zana ya Windows yenyewe: fungua `diskmgmt.msc`, bofya kulia kwenye C, chagua "Shrink Volume", toa walau GB 50. Nafasi iliyotoka iache wazi, usiipe herufi.

Tunaenda linuxmint.com. Kuna ladha tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. RAM ya GB 8 na SSD, chukua Cinnamon, inafanana zaidi na Windows uliyoizoea. RAM ya GB 4 na diski ya zamani inayozunguka, chukua Xfce. Ushauri wetu hapa hauna aibu: kama hela ipo ya jambo moja tu, nunua SSD, maana diski inayozunguka itakuchosha kwenye mfumo wowote.

Faili ya Mint utakayopakua ina takriban GB 3. Kwa intaneti ya kukatikakatika inaweza kufika ikiwa na hitilafu, na usakinishaji ukakwama katikati ukadhani diski imekufa. Ndiyo maana tunaikagua. Fungua Command Prompt ndani ya folda ya Downloads, andika `certutil -hashfile`, acha nafasi, jina kamili la faili, nafasi tena, halafu `SHA256`. Itatoka mistari ya herufi na tarakimu. Linganisha na ile iliyo kwenye faili la sha256sum.txt pale ulipopakulia. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Usijadiliane nayo.

Flashi ya GB 8 inatosha, na kila kilichomo kitafutika. Fungua Rufus, programu ya Windows ya kuandika mfumo kwenye flashi, chagua flashi, chagua faili la Mint, bonyeza "START". Itakuuliza uandike kwa njia ya ISO au DD. Anza na ISO. Flashi ikikataa kuwaka baadaye, rudia kwa DD. Na ukitumia DD, Windows itakuja na ujumbe kwamba flashi lazima iformatiwe. Ufunge huo ujumbe. Flashi haijaharibika, Windows ndiyo haisomi kilichoandikwa humo.

Zima laptopu, acha flashi imechomekwa. Kwa HP, washa huku ukigonga Esc mfululizo, halafu F9. Dell ni F12, na ThinkPad za Lenovo pia ni F12. Chagua jina la flashi lenye neno UEFI. Ukipata ujumbe wa kukataliwa kwa sababu za usalama, ingia BIOS kwa F10, uzime Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo unaowashwa, uhifadhi. Hapa HP wana kituko chao: ikiwaka tena, skrini inakuwa nyeusi na inakupa tarakimu 4 uziandike kuthibitisha. Tumia namba za juu ya kibodi, kisha Enter. Ukidhani ni kosa ukazima mashine, mabadiliko hayahifadhiwi na utazunguka hapohapo siku nzima.

Sasa Mint inaendeshwa kutoka kwenye flashi. Diski yako haijaguswa. Usipime kasi hapa, flashi ni polepole. Pima vifaa: unganisha Waifai, cheza sauti, fungua kamera, ongeza na kupunguza mwanga, funga mfuniko dakika 2 kisha ufungue uone kama inaamka. Waifai isipoonekana kabisa, mara nyingi ni kadi ya Broadcom. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, laptopu itaona mtandao papo hapo, halafu Driver Manager, zana ya Mint yenyewe, itakutafutia draiva.

Kama vyote vinafanya kazi, bofya mara mbili ikoni ya "Install Linux Mint". Kwenye ukurasa wa kibodi usikimbilie kubonyeza endelea. Laptopu nyingi za mtumba zimetoka Uingereza. Angalia kitufe cha 2: kama juu yake pana alama za kunukuu badala ya @, na juu ya 3 pana alama ya pauni, basi chagua English (UK). Ukiacha ya Marekani, siku utakayoandika barua pepe utatafuta @ usiione. Mbaya zaidi, nenosiri lenye alama hizo litakukataa wakati unaliandika sawasawa.

Weka tiki kwenye "Install multimedia codecs". Kisha swali kubwa. Kama unataka mifumo miwili, chagua "Install Linux Mint alongside Windows Boot Manager". Kama unahama moja kwa moja, chagua "Erase disk and install Linux Mint", nayo inafuta kila kitu. Tazama jina na ukubwa wa diski kabla ya kukubali: nvme0n1 au sda ya GB 256 ndiyo ya ndani, yenye GB 8 ni flashi. Na ile diski ya nje yenye nakala zako, ikiwa bado imechomekwa, nayo imo kwenye orodha hii. Ndiyo maana tuliiweka mbali na meza.

Kukiwa hakuna diski ya Windows kwenye chaguo, au panaonekana patupu, ingia BIOS utafute mpangilio wa SATA. Ukikuta RAID au RST, weka AHCI. Tahadhari: Windows iliyosakinishwa kwa RAID inaweza isiwake baada ya hapo, kwa hiyo hilo ni la anayeifuta Windows, au aliyeiandaa kwanza.

Mwisho itakuambia uchomoe flashi na ubonyeze Enter. Kama imepitiliza kwenda Windows, ingia BIOS, mpangilio wa kuwaka, upandishe jina la "ubuntu" juu ya Windows Boot Manager. Usishangae, Mint hujiandikisha kwa jina hilo kwa kuwa imejengwa juu ya Ubuntu.

Ndani ya Mint, fungua Update Manager usasishe vyote. Kisha Timeshift, zana ya kuhifadhi nakala za mfumo: chagua RSYNC, itunze nakala 2 za kila siku na 2 za kila wiki. Inatunza mfumo, haitunzi hati zako. Hati endelea kuzinakili kwenye diski ya nje.

Sasa fonti. Fungua hati iliyoandikwa Windows kwa Calibri: hii CV ilikuwa kurasa 2, imekuwa 3, mstari mmoja wa wadhamini unaning'inia peke yake juu ya ukurasa wa tatu. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri kama Command Prompt ya Windows, uandike:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito ttf-mscorefonts-installer`

Itataka nenosiri, na unapoandika hakionekani kitu, hata nyota. Inapokea, andika mpaka mwisho ubonyeze Enter. Kisha yanakuja masharti ya leseni kwenye skrini ya rangi, na kipanya hakifui dafu hapo: bonyeza Tab mpaka kitufe kiwake, kisha Enter. Carlito ina herufi zenye upana uleule wa Calibri, kwa hiyo mistari inarudi ilipokuwa. Hata hivyo, hati inayokwenda kwa mtu mwingine itume kwa PDF.

Mazoea yatakayokusumbua zaidi ni madogo. Usitafute faili za .exe kwenye tovuti. Programu zinatoka Software Manager. Ndani ya terminali Ctrl+C haikopi, inakatisha kazi. Kukopi ni Ctrl+Shift+C. Ripoti.docx na ripoti.docx ni faili mbili tofauti. Na flashi: kunakili kunaweza kuonekana kumekwisha wakati data bado iko kwenye RAM inasubiri kuandikwa. Ukiichomoa ghafla, mteja wa stationari atafungua video yake akute nusu. Bofya alama ya kutoa kando ya jina lake, usubiri mpaka uambiwe ni salama.

Wenye mifumo miwili wataona Windows iko nyuma kwa saa 3. Linux inaweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa. Andika `timedatectl set-local-rtc 1` upande wa Mint, urekebishe saa mara moja, basi.

Printa nyingi za HP na Epson hujitambua zenyewe, ila HP LaserJet P1102, hiyo iliyojaa stationari, inahitaji nyongeza: andika `hp-plugin` kwenye terminali ukiwa na intaneti. Canon za LBP zinataka draiva kutoka tovuti ya Canon, kwa hiyo ijaribu printa kabla hujafuta Windows, si asubuhi ya foleni.

Flashi ya Mint usiiformati. Iandike jina kwa kalamu, uiweke kwenye droo. Siku mashine ikigoma kuwaka, utawasha kwa flashi hiyo, ufungue menyu, uchague Boot Repair, au utoe hati zako kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.