Maina, mwinda nzige asiye wa kwetu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimekuja kuwaeleza habari za maina, ndege ambaye wengi wetu hapa Tabora tumemwona pichani tu. Ni ndugu wa kwezi. Ana urefu wa sentimita 25 hivi, mwili wa kahawia, kichwa cheusi, mdomo na miguu ya manjano, na kando ya jicho ana ngozi tupu ya manjano. Akiruka, mabaka meupe ya mbawa ndiyo yanayomtambulisha. Kwao ni India na nchi za jirani.

Jina lake la kitaalamu, Acridotheres, ni la Kigiriki: mwinda nzige. Mwaka 1762 alitolewa India akapelekwa Morisi kupambana na nzige wekundu. Wazee, nzige hao mnawajua. Ndio wale wanaozaliana kwenye mbuga za Malagarasi na Wembere.

Basi mtu atauliza, mbona nasi tusimlete? Jamani, tusimlete kamwe! Nzige anakula, ndiyo, ila anakula pia matunda, makombo ya sokoni, hata mayai na makinda ya wenzake. Anapenda kukaa na watu. Na shida kubwa ni tundu. Maina hutaga tunduni, lakini hajui kutoboa mti. Hutafuta tundu lililokwisha kuwapo, na akimkuta mwenyewe humfukuza na kumtupia mayai nje. Mwaka 2000 aliingizwa katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya kuliko wote duniani. Ndege humo ni watatu tu.

Sasa fikirieni miombo yetu. Kigong'ota anatoboa, akihama anaingia kwezi zambarau. Matundu yenyewe hayatoshi, na kila mti mkubwa unaokatwa kwa mkaa unaondoka na yake.

Tena wawinda nzige tunao! Yupo kwezi wa kijivu anayehamahama kwa makundi akifuata nzige. Msimu wa kuzaa, dume hunyonyoka manyoya ya kichwa, ikabaki ngozi ya manjano na nyama nyeusi zinazoning'inia. Nzige wakihama, naye huyo.

Kwenye mwembe wa tatu hapo nje kuna tundu. Juzi nilimwona kwezi zambarau jike, yule wa michirizi ya kahawia, akiingia na jani bichi mdomoni, anatandika. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa pale. Atakayekuja asimame mbali kidogo, tusimtishe.