Jembe Tuliligeuza Fimbo

(Mhadhara kwa walimu wa kilimo wa shule za sekondari, Morogoro)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi mlioketi kule nyuma: habari za asubuhi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimefundisha kilimo miaka 31 kabla ya kustaafu. Nimeombwa nizungumzie kufundishia shambani, na nitaanza na jambo linaloniuma mpaka leo.

Katika shule moja niliyopitia, mwanafunzi akichelewa namba alipewa hatua 20 za kulima. Akitoroka prepo, yaani kujisomea usiku, anang'oa kisiki. Ufunguo wa stoo ya majembe nilikuwa nao mimi, mwalimu wa kilimo. Jioni nawagawia wakosaji majembe, kesho yake saa nne nawaambia watoto walewale washike majembe yaleyale kwa moyo mkunjufu kwa sababu sasa ni kipindi. Walikuwa wananitazama tu. Nani atapenda somo ambalo chombo chake ndicho kinachomwadhibu?

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na akasisitiza kwamba wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, hata mapato yatumike vipi. Shule nyingi tulibaki na jembe, kule kuamua tukakuacha njiani. Watoto walilima, mahindi yakaingia stoo, wasijue yaliuzwa lini wala kwa bei gani. Mzazi aliyelalamika kwamba mwanawe amepelekwa shule akawe kibarua alikuwa na haki yake.

Ninachokuja kuwaomba leo ni hiki: kila mwanafunzi awe na tuta lake, lenye kibao cha jina lake, alihudumie yeye tangu kupima udongo mpaka kuuza. Mtaniambia darasa lina watoto 60. Sawa. Mpe kila mmoja mita 2 kwa 5. Jumla ni mita za mraba 600, haifiki hata sehemu ya sita ya ekari. Eneo tunalo.

Niwasimulie kisa. Msimu mmoja tulipanda ekari mbili za mahindi kwa mbegu tuliyobakiza mwaka uliotangulia. Masika yameshika, kila mtu ana haraka, sikupima uotaji. Siku ya kumi shamba lilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Nikataka turudishie upesi kabla mkuu wa shule hajapita. Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, tukirudishia mbegu ileile, si itakuwa vilevile?"

Sikuwa na jibu. Tukarudi stoo, tukahesabu punje 100, tukazipanga safu kumi kumi juu ya gunia lililoloweshwa, tukalikunja na kuliweka kivulini. Zamu ya kunyunyizia maji asubuhi na jioni waliipanga wenyewe. Siku ya saba tukalikunjua. Niliona watoto wanasukumana kutazama gunia kuliko walivyowahi kusukumana kwenye foleni ya chakula. Zilizoota zilikuwa 43. Zile nyingine ukiziminya zinatoa unga, dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, alishapita. Wazee wanamwita Skania, yule aliyeingia nchini kupitia Tabora miaka ya 1970 inaelekea ukingoni. Siku hiyo swali la kuhifadhi mbegu lilijileta lenyewe, sikuliandika ubaoni.

Kisha wakapiga hesabu. Nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, ekari inataka miche kama 18,000. Kwa uotaji ule, zinahitajika punje ngapi? Kijana mmoja ambaye hisabati alikuwa hapiti alama 20 alichuchumaa, akakwaruza chini kwa kijiti, akasema karibu 42,000. Alikuwa sahihi. Nadhani hakuwa mjinga wa hisabati hata siku moja. Hakuwa amepewa hesabu inayomhusu.

Tena shamba halisubiri kitabu. Viwavijeshi vamizi walionekana Afrika mwaka 2016, na 2017 walikuwa wameshafika kwetu. Kwenye vitabu tulivyokuwa navyo shuleni hawakuwemo. Wanafunzi ndio walioniletea wa kwanza ndani ya chupa ya maji, wakaniuliza ni nini. Tukajifunza pamoja kumtambua: kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne yaliyokaa mraba. Kwenye moyo wa mmea wa mahindi utakuta kinyesi chake kama vumbi la mbao mbichi. Wakawa wanapita matutani kila baada ya siku mbili, wanageuza majani, wanatafuta mayai na kuyaponda kwa vidole, na idadi wanaandika daftarini. Mwenye tuta lake hasubiri aambiwe kwenda kukagua. Nimewaona wakienda Jumapili baada ya ibada.

Wenzetu wa Kenya kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, wameuingiza mradi katika mtihani wenyewe: karatasi ya tatu ya kilimo ni kazi ambayo mtahiniwa anaifanya na mwalimu anaikagua hatua kwa hatua. Nasi tangu 2024 tuna mitaala mipya yenye mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na kazi za mikono. Nafurahi kwa dhati. Lakini nawasihi wanaopanga ratiba: kipindi kimoja cha dakika 40 kinaishia kwenye kugawa majembe na kuyakusanya. Tupeni vipindi viwili vilivyoungana, asubuhi. Saa nane mchana jua la Morogoro halimfundishi mtu.

Na wakuu wa shule, ondoeni jembe kwenye orodha ya adhabu. Hilo halihitaji bajeti wala waraka. Mavuno ya tuta, sehemu iende jikoni, sehemu mtoto aiuze, aandike aliyoingiza na aliyotumia, hata kama amepata hasara. Akipata hasara msimkemee. Kaeni naye na daftari lake.

Nimesema vya kutosha. Nyuma ya bweni la wavulana vijana wamechimba shimo tangu jana, kina cha mita moja, mtaona udongo unavyobadilika rangi kadiri unavyoshuka. Kila mmoja achukue konzi moja ya juu na konzi moja ya chini, aloweshe kidogo, aviringishe kama kamba, kisha ajaribu kuipinda iwe pete. Ikikubali bila kupasuka, huo ni mfinyanzi. Ikipasuka wakati wa kupinda, ni tifutifu. Ikigoma hata kuviringika, ni kichanga. Maji yapo kwenye ndoo. Wanafunzi watangulie, leo wao ndio watakaotuelekeza.