Bolivia: Nchi ya Kupimwa kwa Mwinuko

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja na jua hili la Dodoma. Ramani ile ukutani inaionyesha Bolivia kama kipande kimoja cha rangi, kikubwa kidogo kuliko Tanzania. Mimi nawaomba tuanze na swali lingine: tuko mita ngapi juu ya usawa wa bahari?

Hapa tulipo ni 1,100 na ushee. La Paz, yaliko makao ya serikali yao, ni takriban 3,600. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanaikumbuka Horombo, kambi ambayo wengi hulala siku ya ziada ili mwili uzoee. Kimo ni hichohicho, ila wenzetu huko ndiko wanakochezea mpira na kufungia ndoa. El Alto, mji wa jirani, umepita 4,000; tangu 2014 wakazi wake wanashuka kazini kwa vigari vinavyoning'inia kwenye nyaya, juu ya mapaa ya watu.

Sasa tuingie jikoni. La Paz maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi. Maharage utayachochea kuni mpaka jioni, labda uwe na sufuria ya presha. Viazi je? Asili yake ni milima hiyohiyo ya Andes. Huvianika usiku vigande kwa baridi, mchana huvikanyaga kwa miguu kukamua maji, kisha huvikausha juani. Vinaitwa chuño, na hukaa ghalani miaka. Mgogo mwenye mlenda wake mkavu hahitaji mkalimani hapo.

Ukitoka La Paz kuelekea mabonde ya Yungas, barabara hupanda kwanza hadi zaidi ya 4,600, halafu inaporomoka. Saa chache tu, uko kwenye ndizi, kahawa, machungwa na majani ya koka. Humo wanaishi Wabolivia wenye asili ya Afrika, vizazi vya watumwa walioletwa enzi Wahispania wakichimba fedha Potosí. Mtu akiniuliza Bolivia inatuhusu nini, namwonyesha mabonde hayo kwanza.

Chini kabisa ni Santa Cruz, mita 400 hivi: joto, soya, ng'ombe, na ndilo jiji kubwa kuliko yote. Watu wake na wale wa milimani hutaniana, na mara nyingine si utani.

Mji mkuu? Kikatiba ni Sucre. Mahakama ya juu ilibaki huko. Serikali na bunge vilihamia La Paz baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1899. (Kicheko.) Mnacheka nini? Sisi tuliamua kuhamia hapa 1973, na faili ziliendelea kusafiri miaka mingapi? Haya, naona mikono imeshainuka.