Usikiachie Chombo: Katamarani Ndogo, Upepo Mkali na Ziwa Letu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa mwalo, ndugu wavuvi, na ninyi vijana mnaojiandaa kushindana kwa tanga, asanteni kwa kunipa nafasi hii hapa Kigoma.

Sikuja kuwafundisha kupandisha tanga, maana hilo mnalijua. Nimekuja na jambo moja ambalo wengi wenu mmeshanisikia nikilisema, nami nitaendelea kulisema mpaka nione linatendeka bila kukumbushwa: chombo kikipinduka, usikiachie. Mkono mmoja uwe umeshika kamba au boriti kabla hujafuta maji usoni, kabla hujauliza kilichotokea ni nini, na hata kabla hujaanza kumtafuta mwenzako, kwa sababu ukishakipoteza chombo huna tena cha kumsaidia mwenzako.

Najua mtu wa Kigoma akisikia habari ya mitumbwi miwili iliyounganishwa, fikra zake huenda moja kwa moja kwa vyombo vya wavuvi wa dagaa, vile vinavyoshusha wavu usiku huku taa zikiwaka. Vyombo hivyo ni vizito, vimetulia na havina haraka. Katamarani ya mashindano inafanana navyo kwa umbo tu. Chukueni Hobie 16, mojawapo ya zinazojulikana sana duniani: urefu wake ni mita 5.05, upana wake mita 2.41, na uzito wake ni kilo 145, ambao haufiki hata uzito wa wanaume wawili wanene, lakini inabeba matanga yenye eneo la takribani mita 20 za mraba. Wepesi huo ndio utamu wake na ndio hatari yake. Tena ina tabia ambayo kila anayeipanda lazima aizingatie: inatulia vizuri ikiwa wima, na inatulia vizuri vilevile ikiwa imegeuka mlingoti chini. Haijirudishi yenyewe. Ni ninyi mtakaoirudisha, na hamwezi kurudisha kitu ambacho kimeshawakimbia.

Sasa tazameni ziwa letu. Tanganyika ina urefu wa takribani kilomita 670 na upana wa wastani wa kilomita 50, na kina chake kinafika mita 1,470. Huku kwetu chini kunaporomoka karibu kabisa na ufuko, kwa hiyo ukishasukumwa nje kidogo, nanga yako haina pa kushika. Halafu msimu wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo unaotawala ni kusi, unaotoka kusini-mashariki. Sisi tuko ufuko wa mashariki. Maana yake upepo huo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na vilima vyetu vinaukinga, hivyo anayesimama mchangani anaona maji yametulia na anadhani siku ni njema. Mawimbi anakutana nayo akiwa ameshatoka, na upepo unaomsukuma unampeleka upande wa Kongo, si upande wa nyumbani. Ndiyo maana nasema ufundi wa bahari nyingine, ambako upepo humrudisha mtu ufukweni akiwa amejilaza tu juu ya maji, hapa kwetu hautoshi.

Nitaeleza tena kisa cha vijana wawili, ingawa wamo humu ndani waliokwisha kukisikia. Ilikuwa mwezi wa Agosti, alasiri, nje kidogo ya Bangwe. Walikuwa wanajifunza kwenda na upepo ubavuni, na mwendo ulikuwa mzuri mno. Upepo ukaongezeka ghafla, omo, yaani ncha ya mbele, ya mtumbwi wa upande wa chini ikazama ndani ya wimbi, chombo kikasimama kama kimegonga ukuta, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikanyanyuka, na wote wawili wakarushwa mbele. Hakuna aliyeumia. Chombo kililala ubavu, mlingoti ukielea juu ya maji. Mpaka hapo hakukuwa na maafa yoyote. Ni jambo la kawaida kabisa katika mchezo huu, na kwa dakika chache lingekuwa limekwisha.

Mmoja wao akashika kamba. Mwenzake akaona dumu lao la maji ya kunywa limechomoka na linaelea pembeni, karibu kabisa, akaona ni hasara kuliacha. Akaogelea kulifuata. Akalipata. Alipogeuka, chombo hakikuwa pale alipokiacha. Kumbukeni kwamba kati ya ile mitumbwi miwili kuna turubai lililovutwa likakaza, na chombo kikilala ubavu turubai hilo linasimama wima kama ukuta, upepo unalipiga lote. Kwa hiyo kilichopinduka hakikai mahali pamoja kikimngoja mwenyewe, kinasafiri. Yule kijana alikuwa mwogeleaji hodari, amezaliwa na kukulia ufukweni, lakini alijitupa kwa nguvu zake zote na umbali ukawa unaongezeka badala ya kupungua. Mwenzake kwenye chombo alijaribu kukinyanyua peke yake, na uzito wake haukutosha. Jaketi okozi la yule wa majini lilikuwa limefungwa kwenye mlingoti, kwa sababu, alivyosema baadaye, lilikuwa linambana kwapani.

Waliokolewa na wavuvi waliokuwa wanatoka jioni kwenda kutega. Nataka mzingatie nani alionekana kwanza. Wavuvi waliiona ile mitumbwi myeupe kutoka mbali sana, wakageuza mashua, wakampata aliyekuwa juu yake. Yeye ndiye aliyewaonyesha walikoachana. Walikwenda upande huo wakipita huku na huku, na yule kijana walimpata jua likiwa limeshazama nyuma ya milima ya Kongo, amelikumbatia lile dumu, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Mashua ilikuwa imeshampita mara moja bila mtu yeyote kumwona. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hakionekani, ndugu zangu, hata na mvuvi mwenye macho makali.

Kila ninapokisimulia kisa hiki kuna mtu huniambia, basi dumu ndilo lililomwokoa, kwa hiyo alifanya vyema kulifuata. Hapana. Dumu lilifanya kazi ambayo jaketi okozi lingeifanya vizuri zaidi bila kumfanya aachie chombo. Kama angekuwa amelivaa na ameshika kamba, uzito wa watu wawili ungekinyanyua chombo, wakanywa chai nyumbani.

Wengine husema: sisi ni watu wa ziwa, tunaogelea tangu utoto, na maji yetu si ya barafu kama ya Ulaya. Ni kweli kwamba maji ya juu ya ziwa hili yana joto la takribani nyuzi 25. Lakini mwili wa binadamu una nyuzi 37, na mtu anayekaa majini kwa saa nyingi huku upepo ukimpiga kichwani anapoteza joto na nguvu hata hapa kwetu. Kuhusu kuogelea, nawauliza: ni nani kati yenu amewahi kuogelea kwa mbali dhidi ya mawimbi, amevaa nguo, amechoka, na ufuko unaonekana karibu kuliko ulivyo? Watu wengi waliofia majini walikuwa wanajua kuogelea.

Pingamizi zito zaidi ni la wazee, nami naliheshimu. Wanasema chombo kilichopinduka kitazama na kukuvuta. Taifa hili halijasahau MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, wala MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, na mtu anayeogopa chombo kilichogeuka ana sababu. Lakini MV Bukoba yenyewe iliendelea kuelea kichwa chini, kwa sababu ndani mlikuwa na hewa. Ilikwenda chini baada ya tumbo lake kutobolewa katika juhudi za kuwafikia waliokuwa wamenaswa ndani, hewa ikatoka. Hewa ndiyo inayobeba. Mitumbwi ya katamarani imefungwa pande zote, na hewa hiyo haina njia ya kutoka ikiwa vizibo vimekazwa na ganda halina ufa. Kwa hiyo hofu hiyo igeuzeni kuwa kazi ya asubuhi: kabla ya kushusha chombo majini, pitisha mkono kwenye kila kizibo ukikaze, kisha nyanyua tezi usikilize kama kuna maji yanayotembea ndani. Chombo ambacho vizibo vyake umevikagua mwenyewe utakishika kwa moyo wote.

Sasa kukinyanyua. Mkiwa mmeshika, itaneni majina, mjue kila mmoja yuko wapi na hajanaswa na kamba chini ya tanga. Fungueni kamba zote za matanga ziwe huru, kwa sababu tanga lililofungwa likinyanyuka litajaa upepo na kuwapindua upya, au kuondoka nanyi hamjapanda. Kisha sogeeni upande wa omo. Uzito wenu utafanya omo ziuelekee upepo, nao upepo utaingia chini ya tanga na kuwasaidia badala ya kuligandamiza kwenye maji. Hapo mnasimama wawili juu ya mtumbwi wa chini, mmeshika kamba ya kunyanyulia iliyopita juu ya mtumbwi ulio hewani, mnaegemea nyuma miguu ikiwa imenyooka, na mnangoja. Msitikisetikise. Mlingoti utatoka majini polepole, halafu chombo kitaanguka kwa kasi, na wakati kinaanguka mmoja wenu ashike boriti la mbele asiliachie, ili mtumbwi wa pili usipitilize na ili chombo kisiondoke. Kwa Hobie 16 mnahitaji jumla ya kilo kama 135 au zaidi za watu. Vijana wawili wembamba wajipime kabla ya kutoka. Wakipungukiwa, upepo mkali si wao mpaka wapate njia ya kuongeza uzito.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo ya kuzuia kupinduka nayasema kwa haraka, ingawa yangestahili siku yake. Upepo wa kilomita 40 kwa saa hausukumi tanga mara mbili ya ule wa kilomita 20, bali mara nne. Mkiona omo inaanza kulamba maji, rudini nyuma wote wawili na legezeni tanga dogo la mbele kwanza, maana hilo ndilo linalokandamiza omo. Hatari kubwa iko pale mnapozunguka boya la juu, lile la upande upepo unakotoka, na kugeuka kwenda na upepo. Someni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, mashindano yaahirishwe, na asiwepo wa kulalamika kwamba watu wameshakusanyika.

Kanuni za kimataifa za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa tanga, ziko wazi katika mambo mawili. La kwanza, uamuzi wa kuingia kwenye shindano au kuendelea nalo ni wa chombo chenyewe, hata kama waandaaji wamesema twende. La pili, ni lazima kumsaidia aliye hatarini, na aliyepoteza nafasi yake kwa kusaidia anaweza kuomba afidiwe matokeo yake. Bendera ya Y, yenye mistari ya mshazari ya njano na nyekundu, maana yake majaketi yavaliwe. Hapa kwetu naomba tuihesabu kuwa imepandishwa kila siku.

Ya kisu, filimbi na mashua ya uokoaji tutayaongea ufukweni. Kesho tukutane saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Tutaanza kwa kupindua chombo kwa makusudi karibu na mchanga, wawili wawili, na nitakuwa naangalia mikono yenu tu. Atakayekuja bila jaketi linalomkaa vizuri atatusaidia kushika kamba nchi kavu.