Umejaza petroli kwenye gari la dizeli? Usiwashe

Habari zenu watazamaji. Upo sheli, tenki limeshajaa, ndipo unagundua kijana amekuwekea petroli na gari lako ni la dizeli. Kama bado hujawasha, una bahati. Usifikishe ufunguo kwenye ON, maana magari mengi ya kisasa yana pampu ndani ya tenki na hapo hapo inaanza kusukuma mafuta. Ishia ACC, ile hatua ya ufunguo kabla ya ON, usukani ufunguke, weka gia huru, lisukumeni pembeni. Risiti itunze.

Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya presha. Petroli ni kavu: chuma kinasagana na chuma, na chenga zake zinakwenda moja kwa moja kwenye nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Kwenye injini za komon reli, yaani zenye bomba moja la presha kubwa linalogawia nozeli zote, kama D-4D za Toyota Hilux na Prado, presha inapita baa 1,000, kwa hiyo msuguano mdogo tu unakula pampu.

Hapo sheli hakosi mtu wa kukwambia, "Jazia dizeli juu, itajichanganya." Ulaya zamani watu waliongeza petroli kidogo kwenye dizeli ili isigande wakati wa baridi, lakini zile zilikuwa injini za pampu ya kizamani. Kwa komon reli, mimi siwezi kukushauri hivyo hata kwa lita mbili.

Sasa tumwage. Toa waya hasi wa betri. Fanyia kazi nje, sigara na simu mbali, maana mvuke wa petroli unadaka moto haraka kuliko wa dizeli. Tazama hapa chini ya tenki: hii nati ndiyo ya kumwagia. Gari lako likiwa halina, fundi atanyonya kwa pampu ya mkono. Kwa mdomo, hapana!

Chovya kidole kwenye yanayotoka, usugue. Dizeli inabaki na utelezi. Haya yananikauka mkononi na kuacha ubaridi. Petroli ndiyo imezidi humu.

Badilisha filta, weka dizeli safi, kisha bonyeza hiki kitufe juu ya filta mpaka kiwe kigumu. Hapo upepo umetoka. Rudisha betri, piga stata kwa vipindi vifupi. Itatetemeka kidogo kisha itatulia.

Na kama ulishaondoka nalo? Utasikia injini inagonga, nguvu zinaisha, moshi mweupe nyuma. Egesha, zima, livutwe. Kabla ya kuwasha tena, ikate filta ya zamani, utandaze karatasi yake juani. Ukiona vimeta-meta vya chuma, usimwage tu na kujaza upya. Mpelekee fundi wa pampu na nozeli afungue mfumo wote.

Mchanganyiko uliomwaga usiuze wala usiutie kwenye bodaboda. Uweke kwenye dumu la chuma lenye mfuniko, mpe mkusanyaji wa mafuta machafu.