Dagaa hawali mwanga

Mhadhara kwa wazazi, wavuvi na vijana wa bodaboda, Mwanga, Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Nawashukuru sana mliotoka Kibirizi na Katonga. Najua mbalamwezi ndiyo imewapa nafasi, maana ingekuwa giza mngekuwa majini saa hizi.

Basi nianzie huko huko majini. Mkiwasha taa, dagaa wanapanda, wanauzunguka mwanga mpaka wavu unawazoa. Niambieni, dagaa anakula mwanga? Hapana. Anashiba kwa mwanga? Hapana. Lakini anaufuata. Jioni hii nawasemea watoto wetu wanaofuata dawa za kulevya, kitu kisichowashibisha, na wala hawakifurahii tena.

Ndani kabisa ya ubongo, sehemu ya chini katikati, kuna chembe za neva zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Zinaipeleka kwenye kituo kidogo kiitwacho nyukliasi akumbensi, na nyingine inafika nyuma ya paji la uso, pale panapopima mambo na kusema "subiri kwanza". Njia hii kila mmoja wetu anayo, na bila hiyo tusingeamka kutafuta riziki. Mwaka 1954, huko Montreal, Kanada, watafiti James Olds na Peter Milner walipitisha waya kwenye ubongo wa panya, wakamwekea kitufe cha kujipa umeme kidogo mwenyewe. Panya alikibonyeza mamia ya mara kwa saa.

Kwa muda mrefu watu wakaiita dopamini kemikali ya raha. Hata mimi nilifundishwa hivyo. Lakini Kent Berridge, mtafiti wa Marekani, alichunguza panya walioharibiwa chembe za dopamini. Ukiwatia sukari mdomoni wanajilamba kama kawaida, utamu wanausikia. Ila hawanyanyuki kwenda kukitafuta chakula hata kikiwa karibu. Kupenda kulibaki, kutaka kukaondoka. Naomba hilo mlishike, kwa sababu kwa mraibu mambo yamegeuka: kutaka kumekua, kupenda kumekufa.

Nendeni stesheni siku ya treni. Wapagazi wamejilaza kivulini. Honi inalia huko mbali, treni haijaonekana bado, na wote wameshasimama. Hakuna mzigo, hakuna hela, lakini mwili umeanza kazi. Mtafiti mwingine, Wolfram Schultz, aliona jambo hilo hilo kwa nyani waliokuwa wakipewa tone la juisi. Mwanzoni dopamini ilipanda juisi ilipofika. Walipozoea, ikapanda kwa ile ishara inayotangulia, na juisi yenyewe haikuipandisha tena.

Chakula kizuri ukishakizoea, dopamini inatulia. Unga wa kulevya hauna ustaarabu huo. Heroini inawalaza walinzi wanaozizuia zile chembe za dopamini, basi zinaimwaga. Kokeini inaziba mlango ambao dopamini ingerudia. Gongo, bangi na sigara kila moja ina njia yake, lakini mwisho wa safari ni kituo kile kile. Kila kete ni honi kubwa kuliko ya jana. Na ubongo, kwa kujihami, unapunguza vipokezi vya dopamini, yaani vile vimilango vya chembe vinavyoipokea. Nora Volkow na wenzake wamepiga picha za ubongo wa waraibu, wakakuta vipokezi vimepungua na ile sehemu ya nyuma ya paji la uso imelegea. Msemaji wa "subiri" ameishiwa sauti.

Haya nimeyaona nyumbani kwetu. Mdogo wangu alirudi kutoka Dar kwa treni, ameacha unga. Mama akampikia samaki wetu migebuka kwa mawese, chakula alichokuwa akikigombania tangu utoto. Akamega mara mbili, akanawa. "Mama, sisikii ladha." Mama alilia, akidhani amedharauliwa. Hakudharauliwa. Mwanawe alikuwa na ulimi, ila kwa vipokezi vichache vile hamu ya dunia nzima ilikuwa imechuja.

Alikaa miezi minane bila kugusa. Alikuwa ameapa kwa msahafu mbele ya mjomba, na mimi nilikuwepo, kiapo kile kilikuwa cha kweli. Jioni moja jirani akafungua pakiti ya sigara pale barazani, akaichomoa ile karatasi ya fedha na kuilainisha gotini kwa kidole. Karatasi ile ilikuwa honi yake ya unga. Mdogo wangu akaanza kupiga miayo. Machozi, kamasi, vinyweleo vimesimama, tumbo linasokota. Arosto kamili, yale mateso ya kuukosa unga, na mwilini hamna hata chembe ya unga! Akanishika mkono: "Kaka, siupendi. Nautaka." Wiki ile ile akatoweka.

Naam, mama? Mama anauliza kama basi mwanawe aliyeiuza redio yake ya nyumbani hana kosa. Mama yangu, kosa lipo, na redio alipe. Lakini sijaona kipigo kinachorudisha vipokezi. Ubongo hujitengeneza polepole, kwa miezi na miaka, na muda wote huo kijana anahitaji kuepushwa na kijiwe chake, watu wale na harufu zile. Akianguka, tumrudishe kwenye tiba siku hiyo hiyo, kama tunavyomrudisha mwenye presha aliyeacha vidonge. Kwa heroini kuna methadoni, dawa ambayo hospitali ya Muhimbili wameitoa tangu 2011. Inakaa kwenye vipokezi vile vile vinavyoshikwa na heroini, si vile vya dopamini, lakini taratibu na kwa muda mrefu, kwa hiyo arosto inatulia bila ile honi kulia. Kwa kawaida inanywewa kila siku mbele ya mhudumu.

Mdogo wangu yuko kwenye foleni hiyo mwaka wa pili sasa. Jana alinipigia saa moja asubuhi, akingoja dozi. Tuliongea mambo ya kawaida. Kisha akauliza, "Kaka, migebuka inapatikana huko? Mwambie mama anikaangie, anitumie kwa basi."